Shuka la Kitanda cha Mtoto: Namna ya Kulifanya Lishike Godoro Bila Pini Wala Vibanio

Binti yangu alikuwa na miezi saba. Niliingia chumbani alfajiri nikakuta kona moja ya shuka imechomoka, yeye amelala juu ya godoro tupu, na kitambaa kimemzunguka mkono hadi kwapani. Hakuwa analia, alikuwa ananichekea. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale moyo ukinienda mbio, kwa sababu kile kitambaa kilikuwa karibu mno na shingo yake.

Siku hiyo hiyo nilitaka kununua vibanio vya kubana shuka. Kabla ya kununua nikamwendea fundi cherehani mmoja mzee aliyewahi kushona mashuka mengi ya watoto. Alilivuta lile shuka mara mbili, akalisikiliza karibu na sikio, akaniambia, "Mama, lastiki imekufa. Na shuka lenyewe si la godoro hili." Tangu hapo nimetandika vitanda vya watoto wangu watatu na vya ndugu zangu kadhaa, na ninaamini alichonifundisha: shuka la mtoto linatakiwa lishike godoro kwa ukubwa wake na kwa lastiki yake. Kila unachokiongeza ili kulishikilia, iwe pini, kibanio au kamba, ni kitu kingine ambacho mtoto anaweza kukivuta, kukimeza au kunaswa nacho.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtoto wa miezi ya mwanzo akifunikwa uso na kitambaa hana nguvu wala ujuzi wa kukiondoa. Hewa anayoitoa inabaki kwenye mikunjo ya kitambaa, naye anaivuta tena na tena; kabonidayoksaidi inazidi, oksijeni inapungua, na hilo linaweza kutokea bila kelele yoyote. Hatari ya pili ni ya kitambaa kilichochomoka kumzunguka shingoni.

Ndiyo maana ushauri wa wataalamu wa watoto ni mfupi: mtoto alale chali, kwenye godoro gumu na tambarare, lenye shuka moja lililobana, na kisiwepo kitu kingine kitandani. Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilirudia ushauri huo ilipohuisha mwongozo wake mwaka 2022. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa ile mito laini ya kuzungushia kitanda ndani, ambayo wengi wetu tuliiona kuwa pambo la lazima. Mto, blanketi, mdoli wa manyoya, vyote vikae nje ya kitanda mpaka mtoto atimize angalau mwaka mmoja. Shuka ndiyo nguo pekee inayobaki humo, kwa hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini.

Hatua ya 1: Pima godoro lako mwenyewe

Usitegemee maneno "shuka la kitanda cha mtoto" yaliyoandikwa kwenye pakiti. Vitanda vya watoto havilingani. Vingi vinavyofuata vipimo vya Ulaya vina godoro la sentimita 120 kwa 60 au 140 kwa 70. Kitanda kamili cha Marekani kinatakiwa kuwa na godoro lisilopungua takriban sentimita 131 kwa 69, na unene usiozidi sentimita 15. Ukichukua shuka la godoro la sentimita 131 ukalivisha godoro la 120, umebakiwa na sentimita 11 za ziada kwenye urefu na sentimita 9 kwenye upana. Ziada hiyo haipotei. Inakaa pale juu ikiwa mikunjo, inamsubiri mtoto aanze kushika vitu.

Chukua tepu ya kupimia, toa godoro kitandani, pima urefu, upana na unene. Unene ndio watu wengi wanausahau, nao ndio unaoamua kama shuka litafika chini ya godoro au litaishia ubavuni. Shuka lililoshonwa kwa godoro la unene wa sentimita 10, ukilivisha la sentimita 15, pindo lake litang'ang'ania ukingo tu na litachomoka siku mtoto atakapojigeuza kwa nguvu.

Ukiwa na tepu mkononi, rudisha godoro kitandani uangalie pia nafasi kati ya godoro na ubavu wa kitanda. Vidole viwili vikipita na nafasi ikabaki, godoro ni dogo kwa kitanda hicho, na hakuna shuka litakaloponya hilo. Viwango vya Ulaya vinaruhusu sentimita 3 tu. Usijaze upenyo kwa taulo au nguo zilizokunjwa, badilisha godoro.

Hatua ya 2: Chagua shuka kwa kuligeuza nyuma

Dukani watu huangalia maua na rangi. Ligeuze shuka, uangalie pindo. Kuna mashuka yenye lastiki kwenye kona nne tu, na kuna yenye lastiki inayozunguka pindo lote. Nunua la pili. Lastiki ya kona tupu huacha pindo la ubavuni likiwa huru, na mtoto akivuta katikati ya ubavu, kitambaa kinapanda juu kidogo kidogo hadi kona nayo inaachia. Lastiki ya mzunguko huvuta kutoka pande zote kuelekea katikati ya godoro, na uzito wa godoro wenyewe unaikandamiza. Godoro la sponji ni jepesi, haliisaidii sana, kwa hiyo kwake hitaji shuka linaloingia chini zaidi: mimi sikubali chini ya sentimita 5, na nikipata 8 ninafurahi.

Kuhusu kitambaa, pamba iliyofumwa na kitambaa cha fulana vyote vinafaa. Cha fulana kinanyumbuka na kukumbatia godoro vizuri kikiwa kipya, ila kikizeeka kinalegea katikati, na kulegea huko ni vigumu kukuona kwa macho mpaka ukiguse. Pamba iliyofumwa hainyumbuki, basi lazima kipimo chake kiwe sahihi. Flaneli inarudi sana ikifuliwa. Kitambaa chochote chenye utelezi kama satini kiache. Kinateleza juu ya godoro hata kama lastiki ni nzima.

Shuka dogo pia si salama, na hapa wazazi wengi hudanganyika, kwa kuwa linaonekana limebana vizuri. Likiwa dogo linavuta kona za godoro ziinuke, godoro linajipinda kama upinde, na kwenye ncha zake panatokea upenyo. Kisha usiku mmoja kona moja inaruka, na kitambaa chote kinarudi juu kwa kasi. Ukimaliza kutandika ukaona godoro halilali sawasawa, litoe shuka hilo.

Hatua ya 3: Fua kabla ya kuamini

Shuka jipya lisilofuliwa bado halijaonyesha ukubwa wake wa kweli. Pamba hurudi asilimia 3 hadi 5 kwenye kufuliwa kwa mara ya kwanza, na wakati mwingine zaidi. Chukua shuka lenye urefu wa sentimita 160 kwa jumla, pamoja na sehemu za ubavuni na zinazoingia chini. Asilimia 5 yake ni sentimita 8. Kama ulikuwa na sentimita 8 za kukunja chini kila upande, nusu ya mshiko wako umekwenda na maji.

Kwa hiyo lifue, likaushe kwa namna ile ile utakayotumia siku zote, kisha livishe na ulijaribu. Lililorudi mno lisirudi kitandani.

Hatua ya 4: Toa godoro, tandika nje ya kitanda

Kutandika ukiwa umeinama juu ya ubavu wa kitanda ndiko kunakosababisha kona mbovu. Mkono haufiki chini, unaridhika na pindo lililoshika ukingo. Toa godoro nje, liweke sakafuni safi au juu ya kitanda chako.

Kama unatumia kinga ya godoro isiyopitisha maji, ivishe kwanza. Nayo iwe nyembamba, yenye lastiki, ya kipimo hicho hicho. Usitumie kamwe mfuko wa nailoni au karatasi ya plastiki iliyokuja na godoro. Karatasi hiyo itupe siku godoro linapofika nyumbani.

Visha kona moja hadi mwisho, mshono wa kona ya shuka ukae sawa na kona ya godoro. Kisha nenda kona inayotazamana nayo kimshazari, siyo ya jirani. Ukianza na kona mbili za upande mmoja, kitambaa chote huvutwa upande huo, na kona za mwisho hukosa urefu. Baada ya kona mbili za mshazari, malizia mbili zilizobaki. Pindua godoro uangalie upande wa chini: pindo liwe limeingia ndani kwa upana unaokaribiana pande zote nne. Pale lilipoingia kidogo, livute. Laini upande wa juu kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, kisha rudisha godoro kitandani likiwa tambarare.

Hatua ya 5: Jaribu kama mtoto angejaribu

Hili ninalifanya kila ninapobadilisha shuka, na halichukui hata dakika moja.

Kwanza, finya kitambaa katikati ya godoro kwa vidole viwili ukivute juu. Kikiinuka kidogo tu na kurudi chenyewe, sawa. Kama unaweza kukikusanya kikajaa ngumi, shuka ni kubwa au limelegea.

Pili, shika kila kona kwa juu, mahali ambapo mkono mdogo ungefika, uvute kwenda juu na kuelekea katikati ya kitanda, kwa nguvu, kama mtoto anayejivuta ili aketi. Kona isichomoke. Rudia mara mbili au tatu, maana kona mbaya mara nyingi hustahimili mvuto wa kwanza.

Tatu, pitisha kiganja kutoka kichwani hadi miguuni ukikandamiza kidogo. Wimbi la kitambaa likitangulia mbele ya mkono wako, hilo ndilo litakalotangulia mbele ya uso wa mtoto anayejiburuta.

Shuka likishindwa jaribio moja kati ya haya, limeshindwa yote. Sijawahi kuona shuka lililojirekebisha usiku.

Hatua ya 6: Linda lastiki, na ujue ilipokufa

Lastiki huuawa na joto na dawa. Mashine ya kukaushia kwenye moto mkali, dawa za klorini za kung'arisha nguo, pasi iliyopita juu ya pindo, jua kali la kutwa nzima kila siku: vyote huikausha ikawa kama utepe wa kawaida. Shuka lililochafuliwa na choo au matapishi linahitaji maji ya moto, hilo sikatai. Lakini suuza uchafu kwanza kwa maji baridi, fua, kisha anika pindo likiwa upande wa kivuli. Kama unatumia mashine, weka moto mdogo. Usilianike shuka likining'inia kwa kona moja, kwa sababu uzito wa maji unainyoosha lastiki ya kona hiyo usiku kucha.

Yule mzee alilisikiliza shuka langu, na sasa nami hufanya hivyo. Vuta sehemu ya pindo karibu na sikio. Ukisikia mlio mkavu wa kukatika-katika, nyuzi za mpira ndani zimeanza kukatika. Kisha iachie: lastiki nzima hurudi mara moja, iliyochoka hurudi polepole na kuacha pindo likiwa na mawimbi. Usisubiri ikatike kabisa.

Shuka zuri lenye lastiki iliyokufa halitupwi. Fumua pindo kidogo, toa lastiki ya zamani, pitisha mpya ya upana wa milimita 6 hadi 10, shona ncha zake zipishane kwa sentimita 2 au zaidi na uzipige mshono wa kwenda na kurudi. Pini unayotumia kupitishia lastiki, hakikisha imetoka. Hesabu pini kabla hujaanza na baada ya kumaliza.

Ukiamua kushona lako

Fundi yeyote anaweza, na kwa godoro la kipimo kisicho cha kawaida hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote. Nitatumia mfano wa godoro la urefu wa sentimita 120, upana 60, unene 10.

Fua na kausha kitambaa kwanza. Kila upande ongeza unene wa godoro (10), sehemu ya kuingia chini (8) na pindo la kupitishia lastiki (2), jumla 20. Kwa hiyo urefu ni 120 na 40, yaani 160, na upana ni 60 na 40, yaani 100. Kwenye kila kona kata mraba wa sentimita 19 kwa 19, kisha unganisha kingo mbili za mraba huo kwa mshono wa sentimita 1. Hapo unapata kona ya boksi inayokaa barabara. Piga mshono mara mbili. Kona ndiyo inayobeba mvuto wote. Geuza pindo, acha tundu dogo, pitisha lastiki. Mzunguko wa pindo ni sentimita 360, nami hukata lastiki ya takriban sentimita 200. Ukiikata fupi mno, godoro litajipinda, na umerudi kwenye tatizo la shuka dogo.

Kata nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mrefu hujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukaza hadi damu isipite, na wazazi hugundua pale tu mtoto anapolia bila kunyamaza. Usipambe kwa vifungo, shanga wala riboni.

Vitu ambavyo havitakiwi, hata kwa usiku mmoja

Pini za aina yoyote, hata zile zenye kifuniko. Gundi na utepe wa kunata. Kamba au nyuzi za kufungia shuka kwenye fito za kitanda. Vifundo kwenye kona za shuka kubwa: vinainua godoro, na kikifunguka kimoja unabaki na mkia mrefu wa kitambaa.

Mikanda yenye vibanio inayopita chini ya godoro inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa inauzwa wazi na inaonekana ya busara. Kwa kitanda cha mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto, kibanio kinachoachia ghafla kinarusha kipande cha chuma au plastiki kitandani, na mkanda wa kunyumbuka uliobaki ni kitanzi. Kitu chochote kinachoweza kuingia ndani ya mrija wenye kipenyo cha sentimita 3 hivi huhesabiwa kuwa kidogo kiasi cha kuziba koo la mtoto. Vibanio vingi vinaingia humo. Na zaidi ya hayo, ukihitaji kibanio maana yake shuka halitoshi. Kama linapungua kidogo, mpe fundi aongeze kipande cha kitambaa kuzunguka pindo ili liingie chini zaidi. Kama ni kubwa, apunguze kona.

Shuka la kawaida la mtu mzima lililokunjwa na kuchomekwa chini ya godoro, hapana. Ukilikunja vizuri namna gani, halina kinacholivuta lirudi baada ya mtoto kulisogeza.

Vitanda vya kukunja na vikapu

Kitanda cha safari kinachokunjwa huja na godoro lake jembamba na gumu. Tumia hilo tu, na shuka lililotengenezwa kwa ajili yake. Kuongeza godoro nene juu kunaleta upenyo kwenye kingo laini za kitanda, na shuka la kitanda kikubwa kwenye godoro jembamba ni kitambaa kitupu kinachoelea. Kikapu au kitanda kidogo cha duara kinataka shuka la umbo hilo. Wapo wanaovisha foronya. Mimi nimeijaribu, na karibu kila mara inabaki na upande uliolegea, kwa hiyo nimeiacha.

Umri unavyobadilisha mambo

Mtoto wa wiki chache hatoi shuka, lakini hawezi kujiokoa nalo likiwa limelegea. Karibu na miezi minne anaanza kujipindua. Mikono nayo inaanza kukamata na kuvuta. Anapoanza kuketi na kujivuta asimame, anaegemea pembeni kwa uzito wote, na hapo ndipo kona zinapoachia. Huo pia ni wakati wa kushusha godoro hadi ngazi ya chini ya kitanda. Ukilishusha, toa shuka, tandika upya na rudia majaribio yote matatu, kwa sababu godoro likisogezwa pindo nalo husogea.

Saa nane za usiku

Mtoto amechafua shuka na wewe unasinzia. Hapa ndipo mtu hufanya asichokifanya mchana. Weka mashuka mawili ya akiba yaliyokwisha kujaribiwa, yakiwa karibu na kitanda. Wengine hutandika kabisa tabaka mbili, kinga na shuka, kisha kinga na shuka tena, ili usiku watoe la juu tu. Inafaa endapo kila tabaka ni jembamba na linabana lenyewe kama vile liko peke yake. La chini likiwa na mikunjo, la juu litaificha tu.

Na kama yote yamelowa, lililobaki ni lile kubwa usiloliamini? Futa godoro, likaushe, umlaze mtoto chali juu ya godoro tupu lenye kifuniko chake safi, amevaa nguo zinazomtosha kwa joto la chumba. Mtoto hadhuriwi na kukosa shuka kwa usiku mmoja. Mashuka mengine yatakauka kesho.